Damu Niliyotoa kwa Kadi ya Mdogo Wangu

Mimi nina mdomo, hilo nalikiri. Nimeishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi, nameza vidonge bila kuruka hata siku moja, na kwa sababu hiyo kliniki yetu hapa Ifakara ilinichagua niwe mshauri wa wagonjwa wenzangu. Mtu akipewa kadi mpya analetwa kwenye benchi langu, namtia moyo, namgombeza, namchekesha. Mdogo wangu, ambaye naye alikuwa na virusi, aliniita Mheshimiwa. "Mheshimiwa kaamka na hotuba," atasema, namfukuza na mwiko.

Yeye aliolewa upande wa Idete, akilima mpunga, na dawa alichukulia zahanati ya jirani. Mwaka ule nilikwenda kumsaidia kuvuna. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege wamevamia. Ukiacha shamba nusu siku unakuta mabua matupu. Siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa tarehe yake ya kutoa damu ya kupima wingi wa virusi, kipimo kinachoonyesha kama dawa zimevifubaza au vinazaliana tu.

"Dada, nenda wewe," akasema akiwa juu ya dungu la kufukuzia ndege, kombeo mkononi. "Tunafanana, na kadi haina picha."

"We, una wazimu?"

"Si nameza vizuri? Kitaonyesha kipi kipya? Ndege wakimaliza mpunga, wanangu watakula kadi?"

Nilicheka. Jamani, nilicheka. Nikachukua kadi, nikapanda bodaboda, nikaitika jina lake na kunyoosha mkono. Sikumwuliza mara ya pili kama kweli anameza, mimi ninayewauliza watu baki mara tatutatu. Majibu yakatoka baada ya wiki kadhaa: virusi havionekani. Akanipigia simu, tukacheka tena.

Haikupita miezi mitano akatokwa na madoa meusi mguuni. Tukasema ni matope ya jaruba la mpunga. Mguu ukavimba hadi akashindwa kuvaa ndala. Nikamleta hospitali, wakakata kinyama kidogo wakapime, jibu likarudi kwamba ni saratani, ile ya ngozi inayowaandama watu wenye virusi.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, haanzi kuongea nami mpaka aniamkie shikamoo. Alipofungua kadi uso ukamkunjuka. "Hapa tuna habari njema, mama. Virusi havionekani. Wenye virusi vichache, mara nyingi dawa ya saratani inawakubali zaidi. Vikiwa vingi, mwili hauna kinga ya kusaidiana na dawa, na tunashughulika na hivyo virusi pia. Huyu tumwanzishie dripu tu."

Mdogo wangu aliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vya daktari.

Nilikuwa na nafasi pale, mlango umefungwa, tuko watatu tu. Lakini nikaliona benchi langu. Nikawaona wale ninaowaambia kila wiki kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, wakinong'ona: kumbe naye! Nikajidanganya kwamba kwa vile anameza, damu yake ingetoa majibu yaleyale. Nikasema, "Asante, baba."

Dripu ya kwanza, nywele zikaondoka. Ya pili, madoa yakapanda hadi kinywani. Baada ya dripu ya tatu akaanza kukohoa, na daktari akanikuta kwenye korido, ameshika ile kadi, anaigeuza huku na huku. "Sielewi, mama. Huyu alitakiwa awe amepata nafuu. Labda kuna kitu nimekosea mimi."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote nimesimama, nikilia kama mtoto. Hakunigombeza. Aliagiza damu itolewe palepale, na safari hii nilikaa kitandani nikaitazama ikitoka kwenye mkono wa mwenyewe. Virusi vilikuwa vimejaa. Vidonge alishaviacha siku nyingi. Walipohamia shambani alilala kibanda kimoja na mawifi zake, akaona aibu wasije wakaliona kopo la vidonge.

Vidonge vikaanza upya, nikimmezesha kwa mkono wangu, na matibabu ya saratani yakapangwa upya. Saratani ilikuwa imeshaingia mapafuni. Nikamwuliza daktari: ningesema siku ile ya kwanza, je? Akaifunga kadi. "Siwezi kukwambia kwamba angepona, mama. Ila tungeanza tofauti." Bora angenitukana, ningepata la kumjibu.

Wiki ya mwisho nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Nikamwuliza jambo lililokuwa likinikera, maana hata katika majuto yangu nilikuwa nimetafuta wa kumgawia lawama: kwa nini na yeye alinyamaza mbele ya daktari, ilhali alijua hamezi?

"Wangekuondoa kliniki, Dada," akasema. Akakohoa, nikamfuta mdomo. "Halafu nilijua ukiona nazidiwa, utasema mwenyewe."

Dripu tatu aliningoja.