Kabla Winchi Haijainua

Mama Spana alipewa jina hilo kwa sababu hata msibani mfuko wa gauni lake haukukosa spana. Mumewe alipofariki alimwachia nusu ya yadi ya kukata magari mabovu. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa pupa ambaye akiona gari zima mikono inamwasha.

Enzi za marehemu, gari lilikamuliwa kwanza: oili kwenye pipa lake, maji ya rejeta kwenye jingine, betri zikapangwa juu ya mbao chini ya paa. Shemeji aliona huko ni kupoteza muda. Kwake, winchi iliinua, gari likabinuliwa, likakatwa, na vyote vya tumboni vikamwagika chini. Ardhi ya yadi ikawa nyeusi, inateleza kama sabuni.

Chini ya mteremko, nyuma ya ukuta, aliishi mama mzazi wa Mama Spana, na kisima chake. Mvua zilipoanza, bibi akalalamika kwamba chai inanuka. Binti akaenda, akateka ndoo moja, akaona utando unaometameta juu ya maji. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa oili, harufu ile aliyolala nayo kwenye nywele za mumewe miaka yote ya ndoa.

Akamwendea shemeji, akamsihi kwa upole, halafu akamlilia, halafu akamtumia wakubwa wa ukoo. Haikusaidia.

"Gari limeshakufa, shemeji," alimjibu. "Unataka nilikamue kama ng'ombe?"

Vibarua wakaangua kicheko. Na bibi akaendelea kuoshea vyombo maji yale yale, maana bomba lilikuwa mbali na magoti hayakumtii tena. Ngozi ya viganja ikaanza kubabuka.

Asubuhi moja ya mawingu mazito, basi dogo bovu liliburutwa mpaka chini ya winchi, huku likichuruza oili. Mama Spana akapanda, akakaa kiti cha dereva, akajifungia. Mwendesha winchi akazima mashine. Shemeji akagonga kioo, akafoka, akaapa. Mvua ikaanza kudondoka. Mle ndani mlinuka mikojo ya panya. Mama Spana hakuwa jasiri, alikuwa hana tena pa kupeleka kilio chake. Akashusha kioo kidogo.

"Niinue na mimi," alisema. "Ukishanikata, damu yangu ishuke kwa mama ainywe. Mengine yote ameshakunywa."

Hakuna aliyecheka. Mkata vyuma, yule aliyezoea kucheka kuliko wenzake, akaenda kuchukua karai, akalala kwenye tope chini ya basi, akafungua kizibo cha oili. Shemeji alimtazama tu, akaondoka zake.

Tangu hapo winchi haigusi gari ambalo Mama Spana hajalikamua. Shemeji humsalimia kwa kulazimika. Yeye hajali; analala chali chini ya magari, na oili inashukia karaini.

Kisima hakikupona. Walikifunika kwa zege, na bibi akahamia chumbani kwa bintiye. Kila akiletewa maji ya bomba huyanusa kwanza, kisha huuliza ya kwake yatatakata lini. Mama Spana huinama, akijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.