Mhina na Senti Kumi

Zamani mtu wa Kwaluguru akiamka alitazama mawingu. Siku hizi, hata kabla hajanawa uso, anauliza bei.

Watu husema ugonjwa huu ulikuja juzi. Si kweli. Mtu wa kwanza kuugua nilimwona kwa macho yangu, wakati wa Mwingereza, naye alikuwa shemeji yangu Mhina, mume wa dada yangu Mashavu. Nianze kwa kusema kwamba hakuwa mjinga wala mlevi. Vijana wa leo wakisikia mtu amepoteza shamba, hudhani alilinywa. Mhina hakuonja pombe maisha yake yote. Ingekuwa pombe, ningejua la kumwambia.

Kabla ya kuoa alifanya kazi miaka miwili Mazinde, kwenye shamba la mkonge, akikata majani kwa kipande. Kadi ilikuwa na siku thelathini, na ilipojaa ndipo mtu alilipwa. Ukiumwa, siku hiyo haikuandikwa. Ukikosa kufikisha idadi ya matita, haikuandikwa vilevile. Alirudi na makovu ya miiba mikononi na mzigo wa miche ya mkonge kichwani, akamwambia baba yetu, "Mzee, mimi kwa kipande sirudi tena. Nitakula cha shamba langu."

Miche ile akaipanda kuzunguka eka tatu, mistari miwili iliyobanana. Aliyelima mahindi karibu na pori la Handeni anajua sababu. Kundi la nguruwe likiingia, chakula cha mwaka kinakwisha kabla jua halijapanda. Baada ya miaka mitano ule mkonge ulikuwa umefungamana kiasi kwamba hata mbuzi alipita mbali. Ulikuwa ndio ghala la Mhina na mkewe, kwa maana bila ua huo hakuna mahindi, na bila mahindi hakuna kilichobaki ila Mazinde.

Kisha vita vya Korea vikaanza, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyejua pako upande gani, na mkonge ukageuka dhahabu. Mnunuzi mmoja wa Korogwe akawa analeta lori kwenye gulio letu kila Jumatano. Karani wake wa mizani alikuwa Hiza, Mshambaa mwenye maneno mengi. Watu wakaanza kukata majani ya nyua zao, wakayaparua, wakaosha singa, yaani zile nyuzi za ndani, na kuzianika. Mwenye akili alikata majani ya chini tu, yale yaliyokomaa, na ua ukabaki ua.

Mhina naye alianza hivyo. Akauza mzigo mmoja, Mashavu akapata kanga mbili. Halafu akawa anakwenda gulioni bila mzigo. Anakwenda kuuliza bei, basi. Akirudi, anachukua mkaa na kuweka alama ukutani, juu ikiwa imepanda, chini ikiwa imeshuka. Nilipofika kwao siku moja nilikuta alama ishirini na moja, zimepanda na kushuka kama njia ya mbuzi mlimani.

"Shemeji, umeona?" akaniambia. "Senti tatu."

"Zimepanda?"

"Zimeshuka. Na Jumatano iliyopita zilipanda mbili. Kuna jambo."

"Jambo gani? Bei inapumua kama mtu."

"Mtu akipumua hivi, shemeji, anakata roho."

Mashavu akacheka kule jikoni. "Kaka, hebu muulize kama huo ukuta umemwambia palizi atalima nani."

Kila senti ilikuwa na sababu yake. Hiza akija na shati jipya, tajiri wake amepata faida, bei itapanda. Hiza akinuna, kuna barua imetoka Tanga. Na balaa ni kwamba mara moja Mhina alipatia: shati jipya, na Jumatano iliyofuata senti nne juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno.

Mwaka wa hamsini na moja vuli ilinyesha kwa nguvu. Barabara ya Korogwe ikawa tope, lori likawa linafika jioni sana, limesukumwa nusu ya njia. Bei ikashuka kutoka senti themanini kwa ratili hadi sabini, katika Jumatano tatu. Hiza hakuficha kitu. Alisema mbele ya watu wote, "Wazee, ni tope. Tajiri anatoa gharama za njia kwenye bei yenu. Ardhi ikikauka itarudi."

Watu wakafunga singa zao, wakarudi nazo nyumbani. Mhina akanivuta kando.

"Karani hawezi kusema kweli. Akisema, anafukuzwa."

Alikuwa na kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari dukani. Akataka nimsomee. Nilisoma kwamba wakubwa wanazungumza kusimamisha vita. Nikamwonyesha tarehe.

"Hili ni la miezi minne iliyopita. Tangu lilipoandikwa bei imepanda katika Jumatano sita. Katazame ukuta wako mwenyewe!"

Alishika neno moja tu, kusimamisha: vita vikisimama, bei nayo inakufa. Mpaka leo najuta kwamba macho yangu yalijua kusoma.

Kesho yake alishika panga. Alikata kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, mzunguko mzima. Hakuishia kwenye majani ya chini. Alikata hata yale machanga ya katikati, yaliyofumbana kama ncha ya mkuki, ambayo ukiyakata mmea unaoza. Nilimkuta dada yangu amesimama katika matope.

"Wewe ulikata mkonge miaka miwili," alikuwa akimwambia. "Hujui kwamba jani la moyo halikatwi?"

"Najua. Nitapanda upya. Wiki ijayo itakuwa senti hamsini, utanishukuru."

"Na nguruwe? Watasubiri miche ikue?"

Aliinama akaendelea kuparua. Aliuza yote Jumatano ile, kwa senti sitini na nane. Hiza alipoona mzigo akashika kiuno.

"Mzee Mhina, ua umeunyoa au umeuchinja?"

Gulio zima likacheka, hata mimi. Wiki mbili baadaye jua likawaka, lori likapita bila kusukumwa, bei ikawa sabini na tisa, kisha themanini na mbili. Mhina akaenda kuweka alama ukutani.

Nguruwe waliingia mahindi yakiwa yanabeba. Zamani jirani akivamiwa, tulilinda shamba lake kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, na hakuna aliyeombwa. Mwaka ule nilipita milango tisa. Kila nilipobisha, watu walikuwa wanaparua majani ya Jumatano. "Pole yake, tutakuja," wakasema. Walikuja wawili. Desturi ile ilikufa hapo, na sijaiona ikifufuka. Tulijaribu kuziba kwa miiba, nguruwe wakaisukuma kama pazia. Fedha za singa zikaliwa kwa kununua mahindi Handeni, debe baada ya debe.

Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata bei ya mkonge ilianguka kweli, ikaanguka vibaya. Wenzake waliokata kidogokidogo wakabaki na ua wao na mahindi yao, wakaacha kukata, basi. Mhina akanijia mbio.

"Si nilisema? Si nilisema itashuka?"

Alisema kweli, nao ukweli wake haukujaza hata kibaba. Nilitamani kumpiga. Badala yake nilimpa mihogo.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Korogwe, mwaka wa hamsini na tatu, kando ya barabara, wanangoja lori la shamba la mkonge. Mhina alikuwa amesimama na wanaume wengine walioandikishwa asubuhi hiyo. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akatazama viatu vyangu. Bei hakuitaja. Mashavu alikuwa ameketi juu ya furushi, sufuria mapajani.

"Kaka," akasema, "lile shamba lilime wewe. Lisiwe pori."

Nikamwahidi. Lori likaja, Mhina akampandisha mkewe kwanza, kisha akapanda yeye, akageukia mbele. Likashika njia ya Mombo, ile ile ya kwenda Mazinde, na mimi nikarudi Handeni kwa miguu.