Mswaki wa Umeme Siku ya Posa ya Hadija

Aibu hii ikinijia hata leo, nikiwa peke yangu shambani, najifunika kanga usoni. Waliokuwepo ni hawa: mimi Mwantumu; binti yangu Zaina na mumewe Rashidi, mwenye nyumba, kule Lushoto mjini; mjukuu wangu Hadija, aliyekuwa anaposwa; na wageni wawili kutoka Mlola, Bwana Shekiondo, baba mdogo wa kijana na ndiye msemaji wao, pamoja na Mwanahawa, shangazi wa kijana, ninayemjua tangu tukiwa wasichana, na aliyewahi kuvunja posa ya watu kwa sababu ya sufuria lenye masizi. Wa kuipokea posa nilikuwa mimi (bibi ndiye anayewatania wageni kwanza, baba wa mwali hukaa kimya kama mlango).

Sasa mimi fizi zilikuwa zinatoka damu na jino la mbele linacheza. Mganga wa meno hospitali akaniambia, "Bibi, tafuta mswaki laini, sugua taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, hilo jino litakaa." Maneno mafupi, hata mtoto angeyashika. Lakini ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu hadi vinaning'inia mlangoni, na sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni tukaambiwa haya, chagueni, na kuchagua hakuna aliyetufundisha. Nikashuka Soni na tenga langu la matunda damu, nikauza, nikaingia dukani kwa Salehe. Akanitandikia mitatu: wa kawaida, wa betri, na mmoja mnene wenye waya na plagi, mtumba kutoka Ulaya (ndiyo, mswaki wa mtumba, chekeni tu, Salehe aliapa umechemshwa).

"Laini ni upi?" nikamuuliza.

"Laini ni huu wa kawaida, bibi, lakini utasugua kwa mkono mpaka lini? Huu wa waya unasugua wenyewe. Hata Tanga mjini hawana."

Aliposema Tanga hawana, hapo ndipo aliponimaliza. Nikauchukua, mimi ambaye kwangu nawasha kibatari.

Siku ya posa nikawahi kwa Rashidi, maana huko ndiko kwenye umeme. Yeye alikwenda stendi kuwapokea wageni, Zaina na Hadija wako jiko la nje. Tundu la umeme lilikuwa moja tu, sebuleni, nyuma ya redio, basi nikachomoa redio nikachomeka mswaki, nikaujaza dawa ya meno, nikautia mdomoni, nikabonyeza. Jamani! Ulinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, kichwa kizima kikatetemeka, nikautoa mdomoni ukarusha povu ukutani na kwenye vitambaa vya makochi alivyofuma Zaina, nikaurudisha mdomoni ili usirushe. Kitufe kinateleza kwa povu, hakikamatiki. Waya mfupi, siwezi kwenda nje kutema. Plagi nayo siigusi, maana Rashidi alishatuonya kwamba mkono mbichi ukigusa umeme ni mazishi. Basi nimesimama pale, nimefungwa ukutani kama mbuzi wa Idi.

"Hodi!"

Akatangulia Rashidi. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe wanastahiana, hajapata kuniona hata nikitafuna, seuze nikitoka povu. Mtu yule mwenye adabu akanigeuzia mgongo, na kwa kuwa aliona nateseka akawa anakuja kuniokoa kinyumenyume, mkono nyuma, anapapasa ukuta, akapapasa redio, akapapasa kalenda, "Samahani mama, samahani mama," na plagi haipati.

Nyuma yake Bwana Shekiondo, kanzu nyeupe pe, akainama. "Shikamoo mama."

Nifanye nini? Mdomo umejaa. Akarudia kwa sauti, "Shikamoo mama!" Nikamtumbulia macho. Uso ukamshuka, akamgeukia Mwanahawa.

"Dada, shikamoo haijaitikiwa. Tumekataliwa, tusingoje kuambiwa kwa mdomo."

"Mdomo wenyewe si unauona una kazi?" Mwanahawa akasema, huku anatafuta viatu vyake.

Nikamwona Hadija kwenye mlango wa uani na sinia la vikombe, Zaina nyuma yake. Kumeza siwezi, kutema siwezi, na posa ya mtoto ndiyo hiyo inatoka mlangoni. Nikamdaka Bwana Shekiondo mkono wa kanzu, nikauchomoa mswaki mdomoni, nikapaza sauti: "MARAHABA!"

Ilitoka na povu lote, na damu, na lile jino, likamgonga kifuani likadondoka mkekani. Ndipo Rashidi akaipata plagi. Mngurumo ukakatika.

Mwanahawa akaliokota jino, akaliinua kiganjani. "Yalaa! Mimi nimezaliwa nimekuta mahari anatoa mume. Leo upande wa mke umetanguliza jino!"

Akacheka yeye, akafuata Hadija (mjukuu gani huyo), akafuata Zaina. Rashidi alicheka akiwa bado kaelekea ukutani, mabega yakamshtaki. Bwana Shekiondo hakucheka. Alijipangusa kanzu, akakaa, akasema, "Mama ameitikia. Nimesikia, na nimelowa. Tuendelee."

Posa ikapita. Salehe alikataa kurudishiwa mswaki, eti umeshatumika (kama vile aliponiuzia ulikuwa mwali). Sasa natumia ule laini, wa mkono, taratibu kama nilivyoagizwa, na meno yaliyobaki yamekaa. Chenye plagi hakitaingia tena mdomoni mwangu hata kipakwe asali, na nyinyi mnaochagua, chagueni kwa ajili ya fizi zenu, msichague kwa ajili ya majirani.

Ndivyo ninavyokumbuka. Kama nimekosea, kama Zaina ndiye aliyecheka kabla ya Hadija, au nimemsahau mtu aliyechungulia dirishani, nisahihisheni, sitakasirika. Lakini huyo Mwanahawa anayewaambia watu wa Mlola kwamba yalitoka meno mawili, mwambieni aje, nitafumbua mdomo ahesabu mwenyewe.