Nukta ya Makaa Kwenye Nyumba Yetu

Nilikuwa darasa la nne, katika shule ndogo ya udongo kwenye bonde la Usangu, msimu ule watoto walipokufa kwa kuhara. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alikufa wakati wa palizi ya mpunga. Darasani kwetu madawati mawili yalibaki matupu.

Asubuhi moja mwalimu wetu, Mhehe aliyetoka Iringa, alifunga kitabu cha hesabu.

"Hesabu za leo ziko nje," alisema. "Nendeni nyumba kwa nyumba. Ulizeni wanateka maji wapi, na wamezika watoto wangapi msimu huu. Ulizeni kwa adabu. Mtu akilia, nyamazeni."

Tulizunguka siku nne. Kisha tukachora kijiji kizima kwenye karatasi za kufungia bidhaa, tukaweka nukta ya makaa kwa kila mtoto aliyekufa. Wengi walitoka nyumba zilizoteka maji kwenye mfereji, chini ya kivuko cha ng'ombe. Nyumba zilizoteka kwenye chemchemi hazikuwa na nukta hata moja, isipokuwa yetu.

Wazazi walipokuja na jumbe, mkuu wa kijiji chetu, kuitazama ramani, mwalimu aliiwekea kidole nukta ile.

"Hii ndiyo inayonisumbua."

Mama alisimama. "Mwalimu, sisi tunateka kule juu, chemchemini. Binti yangu huyu ndiye anayekwenda."

Wote wakanigeukia. Chemchemi ilikuwa mbali, nyuma ya kilima chenye mawe makali. Mfereji ulipita karibu kabisa na shamba letu la mahindi. Msimu ule wote nilikuwa najaza debe langu mferejini, nasubiri tope litulie, kisha narudi nyumbani.

Sikusema neno. Mwalimu akaandika pembeni mwa ramani: sababu haijulikani.

Jumbe aliamuru ng'ombe wavushwe mbali, upande wa chini. Wanafunzi na baba zetu tukakata miiba, tukaizungushia sehemu ya kutekea. Mvua zilizofuata hakuna aliyezika mtoto kwa kuhara. Watu walitusifu sana, na mimi nikasifiwa pamoja na wenzangu.

Tangu hapo nilikwenda chemchemini kila siku, hata bila kutumwa. Njiani nilisikia vishindo vya miguu midogo nyuma yangu. Nilipogeuka palikuwa na nyasi tu. Nilikoma kugeuka, lakini vishindo havikukoma. Nimevisikia hata Mbeya, nikiwa mtu mzima, sokoni katikati ya watu.

Mama alipougua nilimchukua nikamuuguza kwangu Mbeya. Siku moja mchana, nikimkanda miguu, nilimweleza yote.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unarudi upesi mno."

"Mbona hukunigombeza, mama?"

"Palizi ilikuwa imetuzidi. Niliitaka mikono yako shambani." Akavuta pumzi. "Nilijiambia, maji ni maji."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba kabla ya ramani ile hakuna aliyejua. Lakini aligeuza uso ukutani, nami nikaendelea kumkanda. Hatukulizungumza tena, na mwezi haukuisha tukamzika.