Jua la Saa Mbili

Tulisafiri siku tatu kutoka Shinyanga, kwa treni na kisha kwa mabasi mawili, na kitu cha kwanza kilichonipokea Tukuyu kilikuwa harufu: udongo uliolowa, majani ya migomba na moshi wa kuni mbichi. Mama alinikabidhi kwa bibi, mama yake mzazi, kule Kinyala, nisome huko mwaka mmoja wakati baba akihangaika na uhamisho wa kazi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikotoka watu waliomba mvua. Hapa ilinyesha hadi shuka za kitandani zikawa na unyevu. Jua likichomoza watu waliacha kila kitu wakakimbilia mikeka ya kuanikia mazao. Mimi nilijivuta, na wenzangu wakaniita Mtoto wa Juani. Walicheka wakisema eti nadhani jua litanisubiri.

Msimu wa maharage mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo. Bibi alikuwa ameng'oa maharage yake yote na kuyarundika sebuleni. Kufikia Jumamosi yalinuka uvundo, mengine yakichipua ndani ya maganda. Hiyo ndiyo ilikuwa mboga yetu, na ndiyo mbegu yetu. Bibi aliyageuza kwa mikono.

Jumapili tulikwenda kanisani kama kawaida. Mwinjilisti wetu alijulikana kwa mahubiri marefu, na siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza anaanza habari za mtu anayeahirisha kutubu, mwanga ulipopenya dirishani ukatua sakafuni. Kanisa zima liliutazama. Nilimvuta bibi kitenge, akanifinya paja. Alikuwa hajawahi kutoka kabla ya baraka. Mwinjilisti naye akautazama ule mwanga, kisha akafunga Biblia.

“Ndugu zangu, mimi nimebakiza nusu saa, na jua hili huenda halina zaidi ya saa mbili,” alisema. “Nendeni mkaanike. Asiye na nguvu aanikiwe kwanza.”

Akatoa baraka palepale. Nilitimua mbio kuelekea nyumbani, lakini bibi akaniita nirudi na kukata kona kwenda kwa jirani yetu, Bibi Tupokigwe, aliyekuwa anauguza mguu. Nilimwambia yetu yataoza. Nilitandaza maharage ya watu huku machozi yakinitoka, jicho langu likiwa kwenye mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya Mlima Rungwe.

Tulipofika kwetu, uwanja mzima ulikuwa umejaa maharage yetu. Koti la mwinjilisti lilining'inia kwenye mgomba, naye alikuwa amechuchumaa, mikono ya shati ameikunja, akigeuza maganda.

“Mama, nimekuja kumalizia mahubiri,” alisema.

“Ndaga, mwanangu,” bibi alimshukuru kwa Kinyakyusa, akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Mvua iliporudi, maganda yalikuwa yakipasuka mkononi. Mbegu ilipona.

Tangu hapo nimehamahama: Mwanza, Tanga, Songea, na sasa Dodoma, ambako jua ni tele na siku zangu zinapotea hovyo. Barua nyingi sikuziandika, na wagonjwa kadhaa niliwaahidi kuwatembelea wiki ijayo, nisiende. Nimepita miaka arobaini, na najua siku zilizobaki si nyingi kama zilizopita. Siku hizi, asubuhi baada ya sala, najiuliza nani aanikiwe kwanza, kisha natoka. Nimeona mzigo wa moyoni unakuwa mwepesi.

Bibi sikumwona tena baada ya siku ile mama alipokuja kunichukua moja kwa moja. Kulikuwa na mahindi mabichi sebuleni, na tulipokuwa tunafunga begi jua likatoka, kali, baada ya siku nne za mvua. Nilimwambia bibi abaki aanike, njia ya kwenda barabarani naijua.

“Yataanikwa siku nyingine,” alisema, akachukua begi langu. Tukakaa wote kando ya barabara, juani, mpaka basi likaja.