Manyoya ya Sungura

Ngozi niliifundisha miaka tisa. Darasa la sita, somo la sayansi: ngozi ya nje, ngozi ya ndani, tezi za jasho, mashina ya nywele. Niliichora ubaoni kwa chaki za rangi. Kazi za ngozi wanafunzi walizighani kwa pamoja: kuzuia vijidudu, kutunza maji ya mwili, kurekebisha joto, kuhisi. Aliyekosea nilimtania, "We mwenzetu umezaliwa bila ngozi, nini?" Mdomo huu!

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mshahara hautoshi, kila mwalimu ana mradi wake. Wangu ulikuwa uji. Niliupika alfajiri nyumbani, mtaa wa Sakina, wanafunzi wakaununua saa nne. Asubuhi moja niligeuka kuchukua sukari, binti yangu wa miaka mitatu akavuta kitambaa kilichokuwa chini ya sufuria. Uji wote ukammwagikia kifuani na tumboni.

Nilimmwagia maji ya baridi, hilo nilifanya. Nikawa namfunga khanga safi nimpeleke hospitali, ndipo mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka kijijini Kikwe, akasimama mlangoni.

"Unampeleka wapi? Siku hizi hata bandeji unakwenda nayo mwenyewe. Mimi nimelea saba, wote wazima."

Akaomba sungura kwa jirani. Akamnyoa manyoya, akayabandika juu ya kidonda kibichi mpaka chote kikafunikwa. Akasema yataanguka yenyewe, na ngozi mpya itakuwa chini yake.

Nilijua. Jamani, nilijua! Ngozi ya nje imetoka, mlango uko wazi, na sisi tunaingiza uchafu wa bandani. Lakini kwetu mke hambishii mama wa mumewe, na mume wangu naye ndiye aliyemshikia sungura. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Siku ya tatu mtoto alitetemeka juani saa saba mchana, nimemfunika mablanketi mawili. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, midomo bado imekauka. Alilia bila machozi. Somo langu lote lilikuwa limelala mapajani mwangu: maji yanatoka, joto linatoka, vijidudu vinaingia. Nikamwinua nikakimbilia barabarani, sikumuaga mtu.

Hospitali muuguzi aliyalowesha manyoya kwa maji ya chumvi, akayabandua kidogo kidogo. Ngozi mpya haikuwapo. Kulikuwa na usaha, na mtoto hata hakulia.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Hisabati," nikasema.

Mtoto akatundikiwa dripu. Nilimshika daktari koti, nikamwambia achukue ngozi yangu, ya paja, ya mgongo, popote anapotaka. Akasema kwa upole kwamba mwili haukai na ngozi ya mtu mwingine, hata ya mama yake. Nalo nililijua. Nikaendelea kumwomba.

Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Kwenye matanga wanawake walijaa mkekani. Mama mkwe alilia kweli. Alimpenda, siwezi kumsingizia. Akanishika mkono.

"Waliyabandua manyoya," akasema. "Wangeyaacha, mjukuu wangu angepona. Si kweli, mwalimu?"

Wote wakanigeukia.

"Ndiyo, mama," nikasema.