Kila Mtu Alisema Ni Baridi

Nimezaliwa Tumati, Mbulu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili na wewe msomaji usije ukaniambia ilikuwa baridi. Kwetu mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu, na mtoto anakwenda kuchunga miguu mitupu huku umande ukimng'ata vidole. Nimekulia humo. Nililima, nilibeba gunia la mahindi peke yangu, na sikuwahi kulazwa hospitali.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga nilipopata ufadhili wa kusoma Ujerumani. Asubuhi ya kuondoka mama alimkamua ng'ombe wetu mwekundu, baba akanipokeza kikombe kikubwa, maziwa yakiwa bado na joto la chuchu. Ndivyo tulivyokunywa siku zote. Baba husema maziwa yakichemshwa yanabaki maji meupe. Nikanywa, akajaza tena.

Nilifika majani ya miti yakianza kupukutika. Wenzangu walivaa makoti mazito, mimi nilipita na sweta moja na kujisifu. Kisha homa ikaanza. Ilikuja jioni, ikanitetemesha mpaka meno yakagongana, halafu nikatoka jasho la kulowesha godoro, jasho lenye harufu ya majani yaliyooza. Asubuhi najiona mzima, nakwenda darasani. Baada ya siku kadhaa inarudi. Mgongo uliniuma chini ya kiuno hata kufunga kamba za viatu nikashindwa.

Daktari wa kwanza aliposikia natoka Afrika alipima malaria. Hakuna. Nikarudi, akapima tena. Hakuna. Nilimweleza kwamba kwetu ni milimani, mbu wenyewe hawapapendi. Akapima mara ya tatu. Alipokosa akasema ni baridi, mwili haujazoea. Mama mwenye nyumba akaniletea chai ya maua na soksi za sufu. Rashidi, mwanafunzi mwenzangu wa Tanga, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akiganda, akanishauri nijifunike vizuri. Nilitaka kulia kwa hasira. Baridi imenilea, iniue vipi?

Theluji ikaanguka, nami nikakonda, suruali ikawa inashikiliwa na mkanda tu. Mitihani ilikaribia, na masharti ya ufadhili yalikuwa wazi: ukifeli, unarudi nyumbani. Nilisoma ukurasa mzima nisikumbuke hata mstari mmoja.

Halafu, jamani, korodani moja ikavimba. Ikawa nyekundu, ya moto, hata kukaa ikawa kazi. Niliificha siku kadhaa kwa aibu, nikitembea kama mtu aliyeshinda juu ya punda. Lakini mficha uchi hazai, na mimi kuzaa nilitaka. Nikaenda hospitali nyingine. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Nikavua nguo huku nikitazama dari.

Huyo hakuuliza habari za mbu. Aliuliza kwetu tunafuga nini, na tunakunywa nini.

"Maziwa mnachemsha?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua damu, na majibu yalipotoka akaniambia ni brusela, ugonjwa ule ule unaofanya ng'ombe atupe mimba. Mtu huupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha mnyama mwenye nao. Ukiachwa, alisema, unakula mifupa ya mgongo, na unaweza kufika moyoni. Nilichomwa sindano, nikameza vidonge kwa zaidi ya mwezi, tumbo likichafuka kila asubuhi. Mitihani niliifanya nimekalia mto. Nilifaulu kwa shida, lakini nilifaulu.

Nikapiga simu Haydom, kwa dada yangu Elizabeti mwenye duka karibu na stendi, siku ambayo baba alikuwa amekuja mnadani. Elizabeti aliniambia kwanza kwamba ng'ombe mwekundu ametupa mimba, na kwamba baba naye ana homa za jioni na mgongo unamsumbua, ila hospitali kubwa ya hapo Haydom hataki kuisikia. Watu wanakuja kwa basi kutoka mbali kutibiwa pale, na yeye anapita getini akienda kununua chumvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepona?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maziwa ndiyo yaliyokukuza," akasema. "Hiyo ni baridi ya Wazungu."

Ujerumani ni baridi, na nyumbani ni baridi! Kila nilipopata nafasi ya kupiga simu nilimsihi, nikabishana naye kadiri mtoto anavyoweza kubishana na baba yake bila kutafuta laana. Hakusikia. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, na niliogopa sana kwamba nitampoteza kwa ugonjwa ambao mimi nimeshapona.

Aliyemshawishi si mimi. Mwezi wa nne korodani yake ikavimba. Bila kumwambia mtu, hata mama, alipanda basi la asubuhi, akashuka Haydom, akamwambia muuguzi, "Nina ugonjwa wa mwanangu." Akatibiwa, akapona.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyeuliza, na wauguzi waliompokea baba yangu. Ninyi mnaofuga, chemsheni maziwa mpaka yapande. Homa inayokwenda na kurudi msiisingizie baridi, na daktari asipowauliza mnafuga nini, mwambieni wenyewe.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani, mwezi wa saba. Baba alikaa karibu na moto akilinda sufuria ya maziwa, akilalamika kwamba uzee wake sasa ni wa kunywa maji meupe. Jirani yetu akaingia amejifunika blanketi. Akasema homa ya jioni haimwachi na mgongo unamuua, yote kwa sababu ya baridi hii ya mwezi wa saba.

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Maziwa mnachemsha?"